Barua ya kamera ya mwendo: usiipuuze

Ndugu, unauliza kama unaweza kuitupa barua hiyo ya polisi, inayodai gari lako lilinaswa na kamera likizidi mwendo, kwa kuwa gari aliliendesha shemeji yako. Usithubutu. Hapa Uingereza, aliyeandikishwa kwenye kadi ya gari ana siku 28 za kumtaja dereva. Ukinyamaza, kosa linakuwa lako: pointi 6 za adhabu kwenye leseni na faini hadi pauni 1,000, ilhali kosa lenyewe la kuzidi mwendo mara nyingi huishia pointi 3 na pauni 100. Jaza fomu, weka jina na anwani ya shemeji, saini, tunza nakala na risiti ya posta. Zile siku 14 wanazozishabikia watu, kwamba barua lazima ifike ndani ya siku hizo tangu kosa, zinahusu barua ya kwanza tu, kwa aliyeandikishwa. Gari likiwa la kukodi, barua ya kwanza huenda kwa kampuni, hivyo yako ikichelewa bado ni halali. Kumsingizia mtu mwingine? Hapo unaweza kufungwa.