Luxor siku moja, na mama anaumwa magoti

SWALI: Dada shikamoo. Mdogo wangu anasoma Azhar pale Cairo, sasa mwezi wa kwanza mimi na mama tunaenda kumuona, na mama kashikilia lazima afike makaburi ya mafarao manake habari za Firauni anazisikia chuoni tangu mtoto. Tumepata tua ya siku moja Luxor, wameandika Bonde la Wafalme, hekalu la Hatshepsut, sanamu za Memnon, kiwanda cha mawe ya alabasta, chakula cha mchana, Karnak halafu hekalu la Luxor. Mama ana miaka 60 na kitu na magoti yanamsumbua. Ataweza? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na mama mpe shikamoo yangu. Ataweza, ila sio kwa ratiba hiyo, hiyo ratiba hata wewe utaona migongo ya watalii wenzio tu. Waambie kabla hujalipa: kiwanda cha alabasta mnaruka. Pale mara nyingi ni duka, mnakaa weee mnaonyeshwa vinyago, kamisheni inarudi kwa waliowaleta, na muda unaoliwa ni wa mama yako.

Anzeni ng'ambo ya magharibi ya Nile, huko ndiko walikozika kwa sababu ndiko jua linakotua, na mfike getini saa 12 asubuhi wanapofungua. Mwezi wa kwanza kuna baridi asubuhi, mama avae sweta, lakini ndio msimu wenye watu wengi kwa hiyo kuwahi ni lazima, baadae mabasi ya kutoka Hurghada, mji wa mahoteli kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, yakishafika ndani ya kaburi mnakuwa mnasukumana na hewa inakuwa nzito. Kutoka getini kuna vigari vya umeme vinawasogeza mpaka karibu na makaburi, msitembee.

Tiketi ya kawaida inaruhusu makaburi matatu kati ya yaliyo wazi siku hiyo, wanayafunga kwa zamu. Hapa ndipo magoti yanaamua. La Ramses IV ni pana, linateremka polepole, liko karibu na lango, na sanduku lake la jiwe ni kubwa mpaka unajiuliza walilipitishaje. La Ramses IX pia mama atalimudu. La Thutmose III liwe mbali naye kabisa, unapanda ngazi za chuma juu ya jabali halafu unateremka tena ndani, na la Seti I ni zuri mno lakini ngazi zake ni nyingi na tiketi yake ni ya peke yake na ghali. Ukiwa na hela ya ziada, mpeleke la Ramses VI, dari lake lina Nut, mungu wao wa kike wa mbingu, kajinyoosha mwili mzima analimeza jua jioni na kulizaa asubuhi, rangi bado ipo na ni zaidi ya miaka 3,000. Vifusi na vibanda vya mafundi wa kaburi hilo ndio vilifunika mlango wa kaburi la farao Tutankhamun chini yake, ndio maana ingawa wezi waliwahi kuingia mwanzoni, wa baadae hawakuuona, na Howard Carter, mchimbuaji wa mambo ya kale Mwingereza, akaukuta 1922 mali nyingi zikiwa bado ndani. Tutankhamun mwenyewe bado amelala pale lakini chumba ni kidogo na vitu vyake viko kwenye jumba jipya la makumbusho Giza, mtaviona mkiwa Cairo.

Kuhusu Firauni wa Nabii Musa, Qur'an haikumtaja jina, wengi wanamhisi Ramses II au mwanawe Merenptah. Sasa mwambie mama mapema asije akavunjika moyo: miili ya hao wawili haiko Luxor. Makuhani waliihamisha zamani kuwakimbia wezi, na wa Ramses II ukaja kupatikana kwenye shimo la Deir el-Bahari, pale pale jirani na hekalu la Hatshepsut, ambalo dunia ililijua 1881. Leo wote wawili wako Cairo, makumbusho ya Fustat, na wafalme wenzao, walihamishiwa huko 2021 kwa msafara wa miili 22 ya wafalme na malkia. Sio mbali na msikiti wa Amr ibn al-As, mdogo wako anapajua.

Kwa Hatshepsut ndio nataka mkae. Vigari vipo pia, halafu mpande ule mteremko wa kwanza tu, wa pili mwacheni. Mkifika ghorofa ya katikati nendeni mkono wa kushoto, ukutani kuna safari ya Punt. Huyu mwanamke alitawala kama farao miaka ya 1400 na kitu kabla ya Masihi, akatuma majahazi Bahari ya Shamu mpaka nchi ambayo wataalamu wengi wanaiweka pande za Eritrea, Ethiopia na Somalia, na ukutani utaona miti ya manemane imebebwa na mizizi yake kwenye vikapu, nyani wanapanda majahazini, nyumba za wenyeji zimeinuliwa juu ya nguzo, hata samaki wa bahari ile wamechorwa chini ya vyombo. Kwetu sisi tunaofukiza ubani na kuyajua manemane, hii ni biashara ya bahari yetu, na waongozaji wengi wanaipita kwa dakika mbili wanakimbilia picha ya mbele. Msikubali! Mwambieni asome ukuta wote.

Mchana mama apumzike hotelini. Karnak mwende saa 9 alasiri, nguzo 134 kwenye ukumbi mmoja zinatosha, msizunguke kote. Hekalu la Luxor linafaa usiku na taa zake, na zile sanamu za Memnon mtazikuta barabarani asubuhi mkiwa ng'ambo ya magharibi, ni bure, dakika kumi.

SWALI: Je, lazima mwongoza watalii? Na vipi kuhusu sala, na huku kwenye masanamu tunaruhusiwa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Mwongoza chukua, lakini mwenye kitambulisho cha kazi, na ujue ndani ya makaburi ya Bonde la Wafalme haruhusiwi kutoa maelezo, kwa hiyo akueleze kila kitu nje kabla hujaingia, ukiingia hujaelezwa unaona mapambo tu. Fatwa muulize shehe wako, mimi sio mtu wa kusema. Ninachojua, ndani ya hekalu la Luxor kwenyewe kuna msikiti wa Abu Haggag, watu wanasali mpaka leo, na mlango wake wa zamani unauona uko juu hewani kwa sababu ulipojengwa hekalu lilikuwa limefukiwa na udongo.

Beba kadi ya benki, tiketi nyingi hawapokei keshi. Noti ndogo ndogo ziwe mfuko wa mbele, mlinzi akikuitia pembeni akupige picha anataka bakshishi, kama hutaki sema la shukran uendelee na safari, hawana ugomvi. Simu piga picha bure, flashi zima.