"Ubaguzi wa rangi" au "ubaguzi wa mbari"?

Swali la mwalimu mmoja wa Malindi: Nafundisha gredi ya nane. Kila nikitaja ubaguzi wa rangi watoto wananiambia ah mwalimu, hayo ni mambo ya Marekani na Afrika Kusini. Mwenzangu anasema nitumie "ubaguzi wa mbari", yaani mbari kwa maana ya "race" ya Kiingereza. Nifuate lipi?

Jibu: Mwalimu, hao watoto usiwalaumu, manake hilo neno tulilizoea redioni enzi za Mandela na makaburu, likabaki kichwani kama tabia ya serikali ya watu wengine huko mbali. Neno lenyewe halina kosa. Kubagua ni kutenga, hata mtoto anayekataa mchicha tunasema anabagua chakula. Ila rangi ni ngozi tu, na watu hubaguana kwa asili hata ngozi zikifanana, ndo maana kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kimetaja mbari, rangi na asili ya kikabila kila kimoja kivyake. Mbari sikukatazi, lakini mtoto wa Shela au Maweni hapa Malindi akiisikia atafikiria ukoo, na hajakosea.

Mi ningeanza na maneno wanayotupiana wenyewe uwanjani. Nywele za kipilipili na nywele za singa, mbona moja inachekwa na nyingine inasifiwa? Halafu andika ubaoni "mstaarabu". Limetoka kwenye Kiarabu, istaaraba, yaani kuwa kama Mwarabu, kwa hivo mtu alikuwa anapimwa utu wake kwa mizani ya watu fulani, na asiyefika akaitwa mshenzi. Muungwana vilevile, leo ni mtu wa adabu lakini zamani ni yule asiye mtumwa, na hapa Malindi na Mambrui mashamba yalilimwa na watumwa, sheria ya kuufuta utumwa huku pwani ikaja 1907, si zamani sana hiyo. Na Wagiriama na ndugu zao waliitwa Wanyika, yaani watu wa porini, hadi miaka ya 1940 wakaanza kujiita Mijikenda. Si ati waache kusema mstaarabu, mi mwenyewe nalitumia kila siku, ila wajue lilikotoka, na hapo hawatakwambia tena ni mambo ya Marekani.

Kutaja rangi sio kubagua. Mweusi tii, mweupe, maji ya kunde, yote ni maelezo tu. Ila tafadhali usiwaletee "watu wa rangi", hiyo ni tafsiri ya Kizungu na darasa zima litacheka, kwani kuna mtu hana rangi? Na usimsimamishe yule mtoto mmoja aliye tofauti na wenzake awe mfano wa somo, hata kama unamsifu.

Wakikuuliza je Mzungu ni tusi, waambie wasikilize limesemwaje. "Jirani yetu ni Mzungu" ni habari tu. "We Mzungu, leta pesa!" pale bichi, hiyo ni nyingine.