Usiisugue Gololi ya Babu

Jumatano usiku dada mmoja wa Soroti alinitumia picha. Gololi kama arobaini kwenye sinia, zimepangwa vizuri juu ya kitambaa cheupe. Chini yake aliandika: "Kaka, hizi ni za marehemu mjomba wangu. Nimezisugua kwa msasa laini mpaka zikang'aa. Sasa niuze bei gani?"

Chakula kilikuwa mezani, kikapoa. Simlaumu hata kidogo. Niliumia kwa sababu mwaka 2016 nilifanya kosa lilelile, na kosa langu liko kwenye rafu hapa mbele yangu, linang'aa mpaka leo.

Tangu niseme kwamba mwezi uliopita nimeuza gololi moja kwa dola 210, simu yangu haijatulia. Hizo ni zaidi ya laki saba za Uganda, kwa kitu kinachokaa juu ya ncha ya kidole gumba. Nalisema kwa fahari, maana kazi hii ya kutafuta na kuuza gololi za zamani hakunifundisha mtu. Lakini naona wengi mmeisikia bei, yaliyoitangulia hamkuyasikia.

Nimezaliwa Walukuba, Jinja. Pale kila mlango ulikuwa na kabila lake, Kiswahili kikawa cha wote. Tulicheza gololi kutwa nzima, tukiziita dulu, tukichimba vishimo kwenye vumbi na kurudi nyumbani magoti mekundu. Aliyepata ile ya chuma iliyotoka kwenye beringi ya lori alijiona mfalme. Nyumbani kwetu, hata hivyo, kulikuwa na gololi ambazo hatukuruhusiwa kuzigusa.

Babu alitoka upande wa Busia kutafuta kazi, akaipata kwenye duka la Mhindi mmoja Main Street. Kwanza alibeba magunia, baadaye akaaminiwa kukaa kaunta. Agosti 1972, Amin alipotoa siku 90 Waasia wawe wameondoka, tajiri wake alifunga duka kimyakimya. Siku ya mwisho akamkabidhi babu mkebe wa biskuti uliojaa gololi za wanawe. Wakubwa wao walikuwa wamesoma Uingereza, na kila likizo walirudi na nyingine mfukoni. Mtaani watu walimcheka babu. Wenzake waliondoka na cherehani na vitanda, wengine wakapata hata maduka yenyewe, na yeye akarudi na mkebe wa vitu vya watoto. Aliuweka chini ya kitanda miaka 37. Tulipomwomba tuzichezee alijibu neno moja: "Amana."

Alifariki 2009. Mashamba na mabati yaligombaniwa. Mkebe haukugombaniwa na mtu, ndiyo maana ukaja kwangu.

Mwaka 2015 akaja nyumbani mnunuzi wa vitu vya zamani kutoka Kampala, mtu mzima mwenye heshima, anayetafuta sarafu za mkoloni, redio za mbao na pasi za makaa. Mama akampikia chai. Nilipomletea mkebe alimwaga gololi juu ya mkeka, akatoa tochi ndogo na kitambaa, akawa anaziokota moja moja na kuzizungusha mbele ya mwanga. Namkumbuka vidole vyake. Havikuwa na haraka. Zile safi, duara kabisa, zenye rangi kali, alizirudisha. Alitenga kumi na moja zilizokuwa na kovu, mahali ambapo kioo kilionekana kama kimekatwa kikaachwa bila kumaliziwa. "Kijana wangu," akaniambia, "hizi zina kasoro, watoto hawazitaki. Nikusaidie kuziondoa, zile nzuri baki nazo." Akanipa shilingi elfu arobaini. Nilimsindikiza mpaka kwenye boda na nikamshukuru mara mbili.

Lile kovu ndilo lililokuwa mali.

Nililijua mwaka uliofuata, baada ya usiku mwingi wa kusoma kwenye simu. Kabla ya mashine, gololi nzuri za kioo zilitoka Ujerumani, hasa mji wa Lauscha kule Thuringia. Mwaka 1846 hapo palibuniwa mkasi maalumu wa kukatia gololi. Mafundi walitengeneza fimbo ndefu ya kioo yenye nyuzi za rangi ndani, wakaipasha moto, wakaiviringisha kwenye mkasi huo, wakakata moja baada ya nyingine. Kila gololi ilibaki na alama mahali ilipokatwa, mara nyingi juu na chini. Kovu hilo ni sahihi ya mkono wa mtu. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokata biashara ya Ujerumani na Marekani, mashine zilikuwa tayari zimeanza kazi: Martin Christensen wa Akron, Ohio, alipata hataza ya mashine yake mwaka 1905. Gololi ya mashine kwa kawaida haina kovu la namna hiyo.

Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, anzia kwenye kovu. Shika gololi karibu na dirisha asubuhi, izungushe polepole, tafuta sehemu mbili zinazotazamana ambako kioo kimekunjamana au kimesagwa kidogo. Kisha fuata nyuzi za ndani. Kwenye ile ya mkono, nyuzi hutoka kovu moja, hujisokota, na kuishia kwenye kovu la pili. Kuna aina ambayo katikati yake ina wavu mwembamba, kama wa mvuvi wa Nile alioukunja. Wavu mweupe ndio wa kawaida, wa njano unafuata. Mwekundu au wa kijani ni adimu, na wa buluu usimwonyeshe mtu kabla hujakaa chini ukatulia. Nyingine zina vipande vinavyometa kama magamba ya samaki. Hiyo ni maika, madini yanayometa. Nyingine zina mstari wa vumbi la dhahabu, ambalo kwa kweli ni chembe za shaba ndani ya kioo. Hizo wakusanyaji huziita Lutz, na ndiyo niliyouza mwezi uliopita.

Nisije nikaruka sehemu inayoniuma. Yule bwana alipoondoka na zile kumi na moja, mbili zilikuwa zimejificha chini ya karatasi iliyotandikwa ndani ya mkebe. Niliziona siku nilipoamua kuuosha. Moja ndiyo hiyo Lutz, milimita 17. Nyingine ilikuwa kubwa, milimita 41, kioo kitupu kisicho na rangi, na ndani yake kondoo mdogo mweupe amesimama. Inaitwa salfaidi. Sanamu ile hung'aa kama fedha kwa sababu ya hewa nyembamba iliyonaswa kati yake na kioo. Sikujua bado. Niliona tu kwamba uso wake umefifia kwa mikwaruzo midogo, kondoo haonekani vizuri, na chini kuna kovu baya.

Nikampelekea fundi wa terazo. Alinitoza elfu tano. Akaisugua kwa mashine, akamaliza kwa unga mweupe, ikarudi kama balbu, kondoo anaonekana mpaka masikio. Nilicheka kwa furaha njia nzima. Miezi miwili baadaye nilipata mkusanyaji wa Uingereza, nikamtumia picha. Aliomba picha ya chini. Nikatuma. Akajibu kwa maneno matatu tu, kwamba imesuguliwa na kovu limeondoka, kisha akanyamaza. Zipo salfaidi zilizosuguliwa zinazouzwa, lakini bei yake haiwezi kuifikia ile yenye uso wake wa asili. Nililipa elfu tano kuharibu kitu ambacho babu alikitunza miaka 37.

Ndugu zangu, msisugue. Si kwa msasa, si kwa dawa ya meno, si kwa mashine ya terazo. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa cha pamba, basi. Msizichemshe pia, maana kioo cha zamani kikishtuliwa na joto hupasuka.

Sasa zile zisizo na kovu. Nyingi mtakazozikuta nyumbani ni jicho la paka: kioo angavu chenye jani la rangi katikati. Hizo zilianza kumiminika kutoka Japani baada ya Vita Vikuu vya Pili, na hadi leo viwanda vya Asia na Mexico vinatengeneza gololi kwa wingi mno. Wapeni watoto wacheze. Mtu akikuambia jicho la paka la kawaida ni milioni, ondoka hapo.

Hata hivyo mashine nazo zina zake za thamani. Akro Agate, kampuni iliyoanzia Akron ikahamia Clarksburg, West Virginia, mwaka 1914 na kufungwa 1951, ilijulikana kwa gololi ambazo utepe wa rangi unazunguka kama skrubu bila rangi kuingiliana. Peltier wa Ottawa, Illinois, walichapa hata nyuso za wahusika wa katuni za magazeti juu ya gololi. Christensen Agate, ambayo haihusiani na yule Christensen wa mashine, ilifanya kazi miaka michache tu Ohio katika miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, na gololi zake za Guinea zenye madoa kama manyoya ya kanga huuzwa kwa mamia ya dola. Za bandia nazo ni nyingi, kwa hiyo ukipata moja isiyo na mkwaruzo wowote, shuku kwanza.

Kuna na zile za kijani hafifu, hazina mchoro wowote. Hizo mara nyingi zilikuwa kizibo cha chupa ya soda ya zamani, aina aliyobuni Mwingereza Hiram Codd katika miaka ya 1870, ambapo nguvu ya gesi ilisukuma gololi kuziba mdomo. Watoto walivunja chupa ili waipate. Gololi yenyewe haina bei kubwa. Chupa nzima ndiyo ya kutafuta.

Hali ya uso ndiyo inayopanga bei kuliko umri. Wakusanyaji hupima kwa alama mpaka 10: kuanzia 9 ni kama mpya, 8 inaikaribia, 6 na 7 imechezewa lakini nzuri, chini ya hapo ni ya kujazia mkebe. Alama ndogo ya mwezi mwandamo chini ya ngozi ya kioo ni dalili ya kugongwa, na hushusha bei. Ukubwa nao una neno. Nyingi zina milimita 16 hivi. Aina ileile ikivuka 25 huvutia zaidi. Pima kwa kalipa, kile kifaa cha fundi cha kupimia upana, usikadirie. Na ukimjua mtu mwenye ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, mwombe uweke gololi chini yake. Kioo chenye madini ya urani huwaka kijani kikali. Peke yake hilo halithibitishi bei, lakini mnunuzi wa mbali atakuuliza.

Niseme jambo moja kwa uchungu. Sisi huuza vitu vya wazee wetu siku tuliyokosa ada ya shule, na mnunuzi anaijua siku hiyo kuliko sisi. Hujia chai, husifia mama, huondoka na kilicho bora na kukuachia kinachong'aa. Akikuambia kitu ni kibovu kisha akakitolea pesa, mwambie kistaarabu, "Mzee, niachie nikifikirie." Anayetaka kweli atarudi kesho. Nami ningesema hivyo mwaka 2015, leo ningekuwa na kumi na moja zaidi, na labda ningejua wale vijana wa tajiri wa babu walizipata wapi.

Kwa dada wa Soroti nilijibu usiku uleule. Nilimwambia aache msasa, azihesabu zile ambazo hajazigusa. Zimebaki tatu. Nimemwomba azifunge kila moja kwa pamba peke yake, asiziweke pamoja na nyingine, na asubuhi apige picha kivulini, juu, chini na pande zote, na rula pembeni. Leo picha ya kwanza imefika. Ni nyeusi, ina mistari ya rangi juu ya uso, na kwenye ncha moja kuna kovu. Nasubiri picha ya ncha ya pili.