Usiuze kwa Kilo Kabla Hujavuta Droo

Juzi kijana wa Muheza kaniandikia: "Kaka, nimeshinda mnada wa stoo, ndani kuna cherehani, nianzie wapi?" Nimeshindwa kumjibu kwa mstari mmoja. Swali hilo lina kidonda changu.

Stoo yangu ya kwanza ilikuwa hapa Tanga, Ngamiani. Mpangaji kahama na deni la kodi, dalali kaitwa, nami nikabeba kila kilichomo kwa laki mbili na nusu. Magunia ya mkonge yaliyooza, baiskeli isiyo na magurudumu, na cherehani ya Singer ya kukanyaga, meza imeliwa na mchwa. Ndani ya droo, kopo la maziwa ya unga limejaa sarafu nyeusi. Nikalipeleka kwa mtu wa skrepa. Akalipima kama shaba, akanipa elfu tisa, nikashukuru.

Moja ilibaki mfukoni. Usiku nikaisugua kwa ndimu: taji, mwaka 1916, chini yake herufi T. Hiyo T ni Tabora. Katika Vita Kuu ya Kwanza manowari za Waingereza ziliwafungia Wajerumani bahari, sarafu zikawaadimikia, wakagonga zao hukohuko bara: heller 20 (sarafu ndogo za rupia yao) kama hii yangu, hata rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Alfajiri nilikuwa mlangoni kwa yule bwana. Mzigo ulishaondoka kwenda Dar. Mpaka leo nikipita pale roho inaniuma. Na ile ndimu nayo lilikuwa kosa. Wakusanyaji wa sarafu za kale hawaitaki iliyosuguliwa.

Basi ndugu zangu, vuta droo zote, zitoe kabisa, pitisha mkono nyuma yake. Stoo ya nne, Chumbageni, nyuma ya droo ya kabati la mninga nilikuta bangili mbili za dhahabu ndani ya leso. Zimenisomeshea mtoto. Kulikuwa na hati ya kiwanja pia. Hiyo nilimtafuta mwenyewe nikamrudishia mkononi. Tumenunua vyombo vya mtu, hatukununua maisha yake. Ukikuta mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940, unalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, usidanganywe na wa kuusafirisha nje. Tusiwe watu wa tamaa.

Mdogo wangu wa Muheza, umesema ndani kuna cherehani. Mtu wa mizani asikanyage hapo kabla hujavuta droo zake zote.