Shawa, pampu na radi za Kakamega

Hapa Kakamega mawingu huanza kukusanyika baada ya saa nane mchana, na kabla jioni haijaingia ngurumo zinatikisa mabati. Nina shawa ya stima, pampu ya kisima na hita ya sola juu ya paa. Anayejenga huku akiniuliza aanzie wapi, humwambia vigae vya bafuni vingoje, kwanza achimbie athi ya maana, yaani fito ya chuma na waya wa kupeleka umeme ardhini.

Si lazima radi ipige nyumba yako ndipo upate hasara. Mara nyingi inapiga nguzo ya stima au mti huko mbali, kisha nguvu yake inafuata nyaya hadi ndani. Kuzima swichi ya shawa peke yake hakutoshi, maana radi iliyovuka kilomita nzima ya hewa haitashindwa na uwazi wa milimita chache ndani ya swichi. Chenye plagi, kama pampu ya presha, kichomoe mapema.

Kinachokufa sana kijijini kwetu ni pampu ya kisima. Mota imezama majini, na maji hayo yameshikana na udongo pande zote. Nguvu ya radi ikishuka na waya inaitafuta ardhi, na njia rahisi ya kuifikia ni kupitia koili za mota. Jirani alinunua pampu mpya, fundi akaiunganisha vilevile kama ya kwanza, ikaungua msimu uliofuata. Mimi nilidai kizuia-radi, kifaa kidogo cha kugeuzia nguvu ya radi kwenye athi, kiwekwe kwenye boksi la pampu, pale pale mdomoni mwa kisima, na athi yake ifungwe kwenye bomba la chuma linaloshikilia kuta za kisima. Waya wa kutoka kwenye kizuia-radi kwenda athi uwe mfupi, usipite nusu mita, wala usiviringishwe. Fundi akikuachia mzingo wa waya "wa akiba", mwite arudi aukate.

Kuna jambo mafundi hulibishia: athi ya nyumba, ya pampu na ya fremu ya sola ziunganishwe. Kila moja ikiwa peke yake, radi ikipiga hupishana volti, na tofauti hiyo hupitia vyombo vyako, au wewe uliyeshika mfereji.

Bomba za plastiki ni afadhali kuliko za chuma, lakini maji yaliyomo bado hupitisha umeme. Ngurumo zikisikika, asioge mtu wala kuosha vyombo hadi nusu saa ipite baada ya ngurumo ya mwisho. Mama mkwe hufunika vioo kwa leso. Simkatazi, ila namwomba aache sahani kwanza.

Radi ikipiga nyumba yenyewe, kizuia-radi hicho kidogo hakifui dafu. Hapo unahitaji fito ya shaba juu ya paa na waya mnene wa kuiteremsha ardhini. Na hata hicho kidogo huchakaa. Vingi vina kidirisha: kijani ni kizima, chekundu kimeshakufa. Kitazame kabla mvua za Machi hazijaanza.