Minyoo duara wa lagoni: "ipo kila mahali" si utambuzi

Swali: Nimechota tope kwenye lagoni ya maji ya chumvi, nikalichuja na kulihifadhi kwa fomalini. Wengi wa minyoo duara niliowaona wana mkia mrefu kama uzi. Kwa picha za mtandaoni wanafanana na Terschellingia longicaudata, ambayo inasemekana ipo kila mahali. Niandike jina hilo?

Jibu: Usiandike. Jenasi huenda umeipatia, kwa sababu Terschellingia hustawi kwenye tope jeusi lenye salfidi na oksijeni haba. Spishi ni habari nyingine. Mikia mirefu wanayo wengi. Tazama amfidi, vile viungo vya kunusia ubavuni mwa kichwa: umbo, upana, umbali kutoka ncha. Pima mwili, umio na mkia, kisha mtafute dume uone spikula zake, yaani vijiti vigumu vya kujamiiana. Ukikosa madume, andika "Terschellingia sp. 1" (jenasi inajulikana, spishi bado), chora, tunza slaidi ya glisirini. Si aibu.

Kinachonikera ni hiyo "ipo kila mahali". Mtaalamu wa wanyama De Man aliieleza spishi hii mwaka 1907 kutoka pwani ya Uholanzi, na funguo nyingi za utambuzi (miongozo ya kutambua spishi hatua kwa hatua) zimetokana na minyoo wa bahari za Ulaya. Ukiutumia ufunguo wa namna hiyo pwani nyingine, utakupa jina tu, hata kama mnyoo wako hajawahi kuelezwa na mtu yeyote. Jina linaingia kwenye orodha, orodha inachorwa ramani, na mwenzako kesho anaitumia ramani hiyohiyo kama ushahidi. Nematodi hawa, yaani minyoo duara, hawana hata lava (wachanga) wa kuelea majini. Ni kweli mikondo na mwani unaoelea huwasafirisha, ila safari hiyo inahitaji kuthibitishwa. Mnyoo duara mwingine wa baharini, Litoditis marina, alidhaniwa spishi moja. DNA ikaonyesha ni kadhaa zinazofanana sura.

Na hao wanaoahidi kutambua spishi kwa picha moja ya simu, waache. DNA nayo haitakusaidia sana kwa sampuli hiyo, maana fomalini huiharibu; safari ijayo tenga sehemu ya tope kwenye ethanoli.

Wabaya zaidi ni wanaohesabu Terschellingia na Sabatieria (jenasi nyingine ya minyoo duara), kisha wakatangaza lagoni imechafuliwa. Jenasi hizo hujaa pia kwenye tope lenye mabaki mengi ya mimea ambalo halijaguswa na mtu. Bila sampuli za kulinganisha, za majira tofauti na viwango tofauti vya chumvi, tangazo hilo ni ramli.