Mbona misheni ya Karema imekaa kama ngome?

SWALI: Shikamoo mzee. Nilimsindikiza mama kusali Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Mbona misheni ile imekaa kama ngome?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ilianza kama ngome kweli! Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianzisha kituo hapo mwaka 1879 kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mwaka 1885 kituo kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki.

Lakini anayenivutia mimi ni Adrian Atiman. Alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea udaktari kisiwani Malta. Alifika Karema 1889, akatibu na kufundisha dini hadi alipofariki 1956. Miaka 67! Siku hizi daktari akipangiwa mbali hivyo, anaomba uhamisho kabla hajashusha mizigo.